Majina Tisa Mlangoni

Kaka yangu si mtu wa kuandika ujumbe. Akiwa na jambo anapiga simu, na akipiga huanzia mbali: mvua ya Korogwe, bei ya dizeli, mashine ya kusaga iliyokata mkanda kijiji fulani. Mwaka huu, mwezi wa sita, hakuzunguka.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Niambie ukweli, usinibembeleze. Kufeli darasa la saba ni kitu cha kurithi?"

Mwanawe wa kwanza yuko darasa la saba. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yametoka siku hiyo, na kijana alikuwa ameshika namba ya arobaini na moja.

Nilimjibu upesi, kama mtu anayewahi kufunga dirisha mvua ikianza. Nikasema akili na mtihani ni vitu viwili, asijali, wako wengi waliofeli shule na maisha yao yamewanyookea. Kaka alinyamaza kidogo.

"Hayo hata mwalimu wangu aliniambia mwaka 1999," alisema. "Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Nikamwomba anipe muda. Nilichukua miezi miwili.

Mtihani wa darasa la saba tuliufanya pamoja, mimi na yeye. Alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na nusu, lakini alikariri darasa la nne, nikamkuta. Matokeo yalipotoka, karatasi moja ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Tulikuwa wanafunzi 74. Majina yalikuwa tisa. Langu lilikuwa la sita. Kaka alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, halafu akainua pembe ya karatasi kwa kidole kuangalia kama kuna nyingine nyuma yake. Palikuwa na mbao za mlango tu. Akageuka, akaniambia, "Hongera. Twende, mama anasubiri."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mimi ni kipanga. Yeye sikuwahi kusikia mtu akimwita kilaza. Baba aliwaambia wageni kwamba akili ya huyu iko mikononi, na wageni walitikisa kichwa kukubali. Leo anatengeneza mashine za kusaga na pampu za maji kuanzia Mombo hadi Handeni. Husimama nje ya banda la mashine, akasikiliza, akataja beringi iliyokwisha kabla hajafungua boksi la vifaa. Najua hadithi hii inavyosikika. Kila ukoo una fundi wake wa namna hii, na sisi tuliosoma hupenda kumtaja tunapotaka kujisikia vizuri. Kwa sababu hiyo sikutaka kuifanya ushahidi. Kaka aliomba ukweli, si sifa.

Nilianza kwa kuondoa faraja za uongo. Ya kwanza ni ile ya Albert Einstein kufeli hesabu. Hakufeli. Alikuwa hodari wa hesabu tangu utotoni. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alijaribu kuingia chuo cha ufundi cha Zürich na akakosa, lakini kilichomwangusha ni masomo mengine. Kwenye hesabu na fizikia alifanya vizuri. Mara ngapi mgeni rasmi kwenye mahafali amewaambia watoto hadithi hiyo, sijui. Mimi mwenyewe nimeshaisimulia mara mbili.

Baada ya hapo nikatafuta ushahidi wenyewe, na ushahidi ukanipeleka Uskoti.

Swali la kaka yangu kwa kweli ni maswali mawili. La kwanza ni kama kipimo cha akili ya mtoto kinasema chochote kuhusu akili atakayokuwa nayo ukubwani. Ili ulijibu unahitaji kitu ambacho karibu hakipatikani: watoto wa taifa zima wapimwe siku moja, majibu yahifadhiwe, watu wazeeke, kisha wapimwe tena kwa karatasi ileile. Uskoti walifanya hivyo, ingawa nusu ya pili hawakuipanga.

Siku ya Jumatano, tarehe 1 Juni 1932, karibu kila mtoto wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1921 na aliyekuwepo shuleni aliketi kufanya mtihani mmoja wa dakika 45. Walikuwa 87,498. Maswali hayakuwa ya kukariri mito na wafalme. Walitakiwa kufuata maelekezo, kupanga maneno yaliyochanganywa, kukamilisha mafumbo ya aina ya hiki kwa kile ni kama kile kwa kipi, kufungua maandishi ya siri, kupiga hesabu kidogo. Mtihani ulitoka Moray House, chuo cha ualimu cha Edinburgh, kwa profesa aliyeitwa Godfrey Thomson.

Huyu Thomson alinifanya nisimame kidogo. Alikulia Tyneside, kaskazini mwa Uingereza, katika familia isiyo na kitu, na kilichomtoa ni mitihani ya ufadhili. Mwaka 1921 wakuu wa elimu wa Northumberland walikuwa na tatizo: kuna shule za vijijini ambazo hazikuwahi kupeleka mtoto hata mmoja sekondari. Je, huko hakuna watoto wenye uwezo? Thomson akawatungia mtihani wa kuwatafuta. Kwake yeye mtihani ulikuwa wavu wa kumvua mtoto wa maskini ambaye mwalimu wake hakumwona. Hata aliyemtangulia, Alfred Binet wa Paris, alianza na nia ya namna hiyo. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, na mwaka uliofuata Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chao. Binet aliamini kwamba akili inakuzwa kwa mazoezi, na katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwapinga waziwazi waliodai kwamba kila mtu amepewa kibaba chake na hakiongezeki. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikachukuliwa na watu waliodai hayohayo.

Basi, watoto wa 1932 wakarudisha karatasi, wakaenda nyumbani. Alama zao zikaandikwa kwenye madaftari makubwa, kaunti kwa kaunti, yakawekwa. Watoto wakakua, vita ilipoanza mwaka 1939 walikuwa na miaka 18. Baadhi hawakurudi. Wengine wakawa walimu, wachimba makaa, wauza duka, mama wa nyumbani, madaktari. Mwaka 1997 watafiti wawili, Ian Deary na Lawrence Whalley, waliyafikia madaftari hayo jijini Edinburgh na kuona walichokuwa nacho mikononi. Wakaanza kuwatafuta wazee wa Aberdeen waliokuwa hai. Tarehe 1 Juni 1998, miaka 66 kamili tangu siku ile, wazee walikusanyika kwenye ukumbi wa Music Hall wa Aberdeen, wakasomewa maelekezo yaleyale, wakapewa dakika zilezile 45. Kwa jumla waliorudia mtihani ni 101, wote wa miaka 77 hivi.

Nakiri kwamba nilitaka matokeo yawe vurugu. Nilitaka kumpigia kaka na kumwambia kwamba vipanga wa 1932 walikutwa nyuma na vilaza mbele. Haikuwa hivyo.

Wataalamu hupima uhusiano wa namna hii kwa namba: 0 maana yake alama ya kwanza haikuambii lolote kuhusu ya pili, na 1 maana yake wote wamebaki kwenye foleni ileile bila hata mmoja kubadilishana nafasi na mwenzake. Kati ya miaka 11 na miaka 77 namba ilikuwa 0.63. Ukizingatia kwamba wazee waliofika siku ile walikuwa wenye afya na alama nzuri kuliko wastani wa wenzao, makadirio hupanda hadi 0.73. Kundi jingine la waliozaliwa mwaka huohuo, la Edinburgh na maeneo ya jirani, lilipimwa tena wakiwa na miaka 90, na bado namba ilikuwa 0.54. Fikiria. Miaka 79, vita kuu moja, ndoa, misiba, viharusi, na bado dakika 45 za Jumatano moja ya utotoni zilikuwa na kitu cha kusema. Watafiti haohao waligundua pia kwamba waliopata alama za juu wakiwa na miaka 11 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufika uzeeni wakiwa hai.

Nilisoma hayo nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, nikafunga simu nikaangalia nje mpaka Kimara.

Lakini namba hiyo ina upande wa pili, na hauhitaji kuwa mtaalamu kuuona. Ukiizidisha 0.63 kwa yenyewe unapata karibu 0.4. Maana yake, kwa lugha ya takwimu, ni kwamba tofauti za wazee wale zilielezwa na alama za utotoni kwa kiasi cha asilimia 40 hivi, na asilimia 60 zilitoka kwingine. Foleni kwa ujumla ilibaki foleni, lakini ndani yake watu walipitana sana. Na wengi, kwa wastani, walipata alama nyingi zaidi wakiwa na miaka 77 kuliko walipokuwa na 11. Lewis Terman wa Stanford alionja upande huu wa pili kwa aibu. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500 wa California wenye alama za juu kabisa, akawafuatilia maisha yao yote. Wengi walifanikiwa. Ila miongoni mwa watoto waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. Kati ya waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Je, mtihani wa shule ni kitu kimoja na kipimo cha akili? Si kimoja, lakini ni ndugu. Deary na wenzake walipochukua watoto 70,000 wa Uingereza, wakalinganisha vipimo vya akili vya umri wa miaka 11 na mitihani yao ya shule ya umri wa miaka 16, uhusiano ulifika 0.81 baada ya kuchuja makosa ya vipimo. Kwa hiyo sentensi niliyompa kaka kwenye simu, kwamba akili na mtihani ni vitu viwili, ilikuwa ya kubembeleza kweli. Alinisikia vizuri.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia, lile ambalo kaka hakuliuliza: mlango ule wa ofisi ulipima nini?

Katika mwaka huohuo wa 1932, mtihani mwingine wa akili ulichapishwa Nairobi, kwa ajili ya Waafrika. Mtunzi wake, R. A. C. Oliver, alikuwa amesoma Edinburgh, akaja Kenya kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Oliver alikuwa mtu wa elimu, na kazi yake ilikusudiwa kusaidia shule kuwapanga na kuwachagua wanafunzi. Lakini Nairobi ya wakati ule haikuwa mahali pa kupima akili kwa amani. Daktari H. L. Gordon, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa akipima vichwa vya Waafrika; mwenzake F. W. Vint akapima bongo za maiti. Kufikia mwaka 1933 Gordon alikuwa akitangaza hadi London kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili. Walowezi walikuwa na chama chao cha kile walichokiita uboreshaji wa kizazi, yaani kuchagua nani azae na nani aelimishwe kama mfugaji anavyochagua mbegu ya ng'ombe. Walichotaka kujua kilikuwa kimoja: je, kuna faida kumsomesha Mwafrika? Wavu wa Thomson ulitafuta mtoto wa kuingizwa ndani. Kwa watu hawa vipimo vilitafuta sababu ya kufunga mlango.

Sayansi yao ilikufa. Mlango ulibaki. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilijenga shule kama piramidi kali: darasa la nne mtihani, darasa la nane mtihani, na kila ngazi ikiwaacha wengi nje kwa sababu juu hapakuwa na madawati. Nyerere alilisema hili katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Alilalamika kwamba shule ya msingi imefanywa maandalizi ya sekondari ambayo wengi hawataiona, na kwamba mitihani yetu inapima kumbukumbu kuliko kufikiri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote. Watoto wakajaa. Sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, si miaka ile wala miaka ya tisini.

Tazama kilichotokea baadaye. Mwaka 2000, mwaka mmoja baada yetu, waliofaulu darasa la saba nchi nzima walikuwa kama asilimia 22. Mwaka 2002 ukaanza mpango wa MMEM wa shule za msingi, mwaka 2004 ukafuata MMES wa sekondari, kata zikachangishana mchanga na mawe, shule zikaota kila mahali. Mwaka 2006 waliofaulu walikuwa kama asilimia 70. Miaka sita! Hakuna kizazi cha binadamu kinachobadilika akili hivyo kwa miaka sita. Vitabu viliongezeka, walimu waliajiriwa, sawa, hayo yalisaidia. Lakini hasa madarasa yalijengwa, na neno kufaulu likanyooshwa kufuata idadi yake. Kama kaka angezaliwa mwaka 1992 badala ya 1984, na alama zilezile, karibu bila shaka angeingia kidato cha kwanza, na baba angewaambia wageni kitu kingine.

Uskoti, karatasi ile ya 1932 haikuamua nani aende wapi. Ndiyo maana inaweza kuaminiwa: ilipima, kisha ikakaa kimya kwenye daftari miaka 65. Yetu haikukaa kimya. Ilifika nyumbani kabla yetu, ikapanga nani alale mapema na nani aamke kufuata maji. Nasema hivyo kwa sababu kuna jambo ambalo kwenye familia yetu hatulizungumzi.

Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa shule yetu alikuwa akifundisha tuisheni jioni, barazani kwake. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Hela ya tuisheni ilitosha mtoto mmoja. Baba na mama walikaa jikoni usiku mmoja, sisi tukiwa tumelala, au tukiwa tumefumba macho, na nikamsikia baba akisema, "Tumlipie huyu anayeshika." Walichokuwa nacho kama ushahidi ni matokeo ya darasa la nne. Yangu yalikuwa mazuri. Kaka alikuwa ameukariri mwaka ule, na nisifiche, kusoma kulimpa shida. Darasa la tano bado alikuwa akifuata mstari kwa kidole. Kwa miaka miwili, kila jioni, mimi nilikuwa barazani kwa mwalimu nikipiga msuli, naye alikuwa kwenye mashine ya kusaga ya jirani akibeba madebe ya dizeli kwa ujira. Kisha tukapewa karatasi moja ya mtihani, siku moja, saa moja, na tofauti iliyotokea ikaitwa akili.

Je, angefaulu kama angelipiwa yeye? Kwa foleni ya mwaka ule, nadhani hapana. Nafikiri ningebaki mbele yake, kwa hatua chache. Sipendi kuandika sentensi hiyo lakini aliniomba ukweli. Kinachonisumbua ni hatua zilizoongezwa baada ya hapo, ambazo tumezihesabu zote kwenye jina langu.

Na hatua hizo zinapimika. Norway, miaka ya 1960, elimu ya lazima iliongezwa kutoka miaka saba hadi tisa, wilaya moja baada ya nyingine. Watafiti walipolinganisha vijana waliopimwa akili jeshini wakiwa na miaka 19, waliona kwamba kila mwaka wa ziada shuleni ulimwongezea kijana karibu alama 3.7. Mwaka 2018 Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya tafiti zenye watu zaidi ya 600,000, wakaona mwaka mmoja wa shule unaongeza kati ya alama 1 na 5. Mimi baada ya mlango ule nilisoma miaka tisa zaidi. Leo tukipimwa mimi na kaka, nikamshinda kwa alama ishirini, mtu atasema ona, mtihani wa 1999 ulijua. Ulijua, au ulifanya?

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao niliusoma mara tatu. Robert Sternberg na wenzake walikwenda Usenge, kando ya Ziwa Victoria, wakawapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Mbali na vipimo vya kawaida vya shule, waliwauliza kuhusu dawa za miti shamba: ipi ya tumbo, ipi ya minyoo, kiasi gani. Hayo ni maarifa ambayo mtoto wa pale anayahitaji kwelikweli. Ungetarajia mwenye akili awe na akili kote. Ilikuwa kinyume: waliojua dawa zaidi walikuwa na alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza na masomo. Maelezo ya watafiti yalikuwa ya kifamilia. Mtoto anayetarajiwa kuondoka kijijini anasukumwa kwenye vitabu. Anayetarajiwa kubaki anafundishwa kijiji. Mahali fulani, usiku, jikoni, wazazi wameshaamua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Mimi nilikuwa kidato cha pili, bwenini, na kaka alikuwa ameshajua kubadilisha mkanda wa mashine akiwa peke yake.

Wa Embu sitauacha, ingawa ni mfupi. Huko huko Kenya, watoto wa miaka saba walipimwa mwaka 1984 kwa mafumbo ya maumbo yasiyohitaji kusoma. Mwaka 1998 wakapimwa wengine wa umri uleule, wa eneo lilelile. Waliwashinda wenzao wa kwanza kwa mbali mno. Katika ile miaka 14 wazazi wengi zaidi walikuwa wamejua kusoma, familia zilikuwa ndogo kidogo, watoto walikula vizuri zaidi. Damu ilikuwa ileile. Nilipofika hapo nikaona nina cha kumwambia kaka kuhusu kurithi.

Nilimpigia Jumapili mchana. Nilimweleza Uskoti yote, sikumficha 0.63. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra. Nilipofika kwa wazee wa Aberdeen akauliza, "Na hao mwaka huo wa 1932, walikuwa na tuisheni?"

Nikasema hapana, haikuwa mtihani wa kuchagua mtu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kujiandaa.

"Aaa," alisema.

Nikamwambia kwamba watoto hurithi mambo mengi kwa wazazi, na sehemu ya wepesi wa kushika mambo imo, lakini hakuna anayerithi kufeli, kwa sababu kufeli ni mstari unaochorwa na watu na sisi tumeuona ukihamishwa. Nikamwambia namba ya arobaini na moja inaonyesha mtoto yuko wapi Juni hii. Halafu nikasema lile la jikoni. Nilianza vibaya, nikarudia, nikamwambia nilimsikia baba usiku ule na niliendelea kufumba macho.

"Mimi pia nilikuwa macho," kaka alisema.

Tulikaa hivyo kwenye simu. Kwake kulikuwa na jogoo na mtu anagonga chuma. Nikamwambia nitatuma hela ya tuisheni ya kijana, nilipie mpaka mtihani.

"Nimeshalipa. Nimelipa ya wawili."

Wa pili ni binti yake, yuko darasa la nne. Nikauliza kama naye ana shida darasani, au ndiye anayeshika.

"Sijamuuliza mwalimu," alisema. "Nimelipa tu." Kisha akaniambia dizeli imepanda tena, na kwamba Mombo mvua imegoma.